Jaketi la Rubani Lililochanwa na Ng'ombe

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Sumbawanga imenishika mpaka kwenye meno, Mjapani alisimama mbele ya meza yangu ya mitumba akaanza kunusa majaketi. Sikutanii, mwanangu. Alilishika moja, akaligeuza ndani nje, akavuta zipu juu na chini, akanusa kola, akalirudisha taratibu. Nilikuwa kijana, biashara ina miaka michache tu, na nilidhani anatafuta chawa.

Dereva wake, kijana wa mtaa wa Katandala aliyeitwa Rashidi, alicheka. Akanieleza kwamba mgeni ni fundi wa kuchimba visima, lakini moyo wake uko kwenye majaketi ya ngozi ya marubani wa vita vya zamani. Kwao wako wengi wa aina yake. Wanayakusanya, na jaketi likizidi kuchakaa ndivyo wanavyolipenda zaidi. Hapo nikaanza kuchanganyikiwa, maana mimi jana yake nilishinda nikiyapaka yale majaketi rangi ya viatu ili yaonekane mapya.

Nikalikumbuka jaketi la marehemu baba. Lilitoka kwenye belo langu la kwanza kabisa la mitumba: ngozi ya kahawia, kola ya manyoya, mgongoni limechorwa ndege ya vita. Nilimpa baba, naye akalivaa shambani mpaka mwisho wa maisha yake. Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulipogawa nguo zake, jaketi lilikwenda kwa baba mdogo Karoli kule Kasense, ambaye kifua chake hakikuiweza baridi. Kwa hiyo halikuwa langu, nami nilijua. Lakini Rashidi alinitajia bei ya jaketi la namna hiyo, ikabidi nimwombe airudie, na mimi nilikuwa natafuta fremu ya duka kwa udi na uvumba.

Jioni ile ile nikaenda Kasense.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza akiwa amelivaa lenyewe, mikono mfukoni. Nilitegemea atakasirika, wala hakukasirika.

"Huyo Mjapani anasikia baridi?"

"Hapana, ana koti lake zuri tu."

"Sasa hili la kwetu atalifanyia nini?"

"Ataliangalia, baba mdogo."

"Basi kesho nakuja nalo," akasema, "na mimi nimwangalie yeye."

Kesho yake akaja kwa baiskeli. Mjapani alipoliona jaketi alishika kichwa. Baba mdogo akalivua, akampa. Mgeni akasoma kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya kola, na uso wake ukabadilika. Akasema maneno mengi. Rashidi akasikiliza, akauliza tena, kisha akatugeukia na yeye amechanganyikiwa.

"Anasema hili si la vita. Limeshonwa kwao Japani, miaka ya karibuni tu. Kuna mafundi kule wanaiga majaketi ya marubani wa Marekani, uzi kwa uzi."

"Si hao Wamarekani ndio walipigana nao?" baba mdogo akauliza.

"Ndio hao hao."

"Na marehemu mzee wetu, babu yake huyu, Waingereza walimpeleka Burma kupigana na hawa Wajapani. Alirudi na blanketi tu."

Mimi nikasema kwa unyonge, "Basi hanunui tena."

"Ananunua," Rashidi akasema. "Anasema sasa ndiyo analitaka zaidi. Kwao mtu hununua jipya, akahangaika miaka kulichakaza, na bado halichakai hivi. Anauliza huu mchaniko wa kwenye mkono umetokana na nini."

"Ng'ombe," baba mdogo akajibu. "Pembe. Marehemu kaka alikuwa anamfunga nira."

Rashidi akatafsiri. Mjapani akauinamia ule mchaniko kwa heshima, kama yuko kanisani, na mama aliyekuwa akiuza viazi jirani yangu akaacha kuuza ili atazame. Kichwa changu kilikuwa kinazunguka. Jaketi la uongo limekuwa la kweli kwa sababu ya ng'ombe wetu?

Baba mdogo akauliza, "Akilichukua, atalivaa?"

Jibu likaja kwamba hapana, atalitunza ndani ya kabati la kioo.

Baba mdogo akanyoosha mkono, akalichukua polepole, akalivaa, akafunga zipu. "Mwambie aniwie radhi," akasema.

Nilikasirika, mwanangu, tena sana. Nikamsindikiza mpaka nje ya soko. Pale akasimamisha baiskeli.

"Wewe umeelewa yule mtu anataka nini?"

"Sijaelewa."

"Na mimi sijaelewa. Yeye mwenyewe sidhani kama ameelewa. Sasa wote hatujaelewa, na unataka tumalize biashara? Kitu cha marehemu hakitoki nyumbani hivyo. Mimi kifua kinaniuma kukiwa na baridi. Hilo nalielewa."

Akalivaa mpaka Mungu alipomchukua, na ukoo ukanipa mimi. Fremu ya duka niliipata baadaye sana. Siku nyingine nawaza kwamba tulikosea, siku nyingine nafurahi, na mpaka leo sijui.

Juzi umekuja na simu yako, umenionyesha Mjapani mwingine anayetafuta jaketi kama hili, nawe unataka uliuze ununue bodaboda. Nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa nimechanganyikiwa upya.

Sasa nakujibu. Jaketi liko nyuma ya mlango, lichukue. Livae baridi hii yote, uende nalo shambani, usafiri nalo mpaka Kaengesa asubuhi. Halafu uje unieleze kwa nini unaliuza, na huyo wa kwenye simu analitakia nini. Ukinieleza tukaelewa wote wawili, liuze, na kwenye hiyo bodaboda nitakuwa abiria wako wa kwanza. Lakini usiachie kitu cha nyumbani kwa sababu tu bei imekushangaza. Usipoelewa, sema sijaelewa, wala usione haya. Kaa na chako mpaka uelewe.

Mungu akulinde njiani, akupe kifua kizima na moyo usioogopa kuuliza. Na mfuko wa kushoto umetoboka, simu usiiweke humo.