Nilipiga Picha Rejista ya Wagonjwa

Nisikilizeni, kisha mnitukane mkitaka. Kosa ni langu. Simsingizii mtu, simsingizii shetani. Mkono uliopiga ile picha ndio huu ninaoandikia.

Nilikuwa nafanya kazi maabara, kwenye kituo cha afya hapa Butembo. Kaka yangu alitaka kuoa, na kwetu Wanande mbuzi wa mahari hawatoki mpaka familia ichunguze binti ni wa watu gani, ana tabia gani. Siku hizi wanataka kujua na damu yake. Basi shangazi akanipigia simu kutoka Beni.

"Ule binti balimupima kwenu. Angalia mu rejista, unitumie."

"Tantine, ile ni siri ya kazi."

"Siri kwa nani? Mi ni mutu wa inje? Tutoshe mbuzi na macho ya kufunga?"

Nikaona haya kumkatalia. Nikapiga picha ukurasa mzima, nikamtumia. Binti alikuwa mzima. Shangazi kwa furaha akaitupa picha kwenye grupe ya WhatsApp ya familia, mbuzi watolewe: "Batoto, tosheni mbuzi!"

Ole wangu! Chini ya jina la binti kulikuwa na jina la Kavira, na mbele yake kipimo cha sida, yaani UKIMWI: positif.

Kavira alikuwa rafiki yangu tangu shule ya msingi, mjane, anauza maharagwe sokoni. Siku alipopata majibu ni mimi niliyemshika mkono, nikamwapia kwamba hakuna atakayejua. Mke wa binamu yangu, aliyemo kwenye grupe, anauza soko hilo hilo. Siku mbili tu, soko zima likajua! Wateja wakawa wanairuka meza yake.

Alinishtaki, na alifanya vizuri. Mahakama ikasema nimevunja siri ya mgonjwa, na kwamba kumtumia shangazi peke yake si udhuru. Ikaamuru kila mtu wa grupe afute picha. Wakafuta. Lakini ilikuwa imeshafika Mbau, imeshafika Kanyabayonga. Kazini nilikuwa nimeshafukuzwa.

Hakimu akamuuliza Kavira kama ana neno. Hakunitazama.

"Nashukuru, Monsieur le juge. Mais muniambie, dawa nitaenda kukamata wapi, fasi batu habajue jina yangu?"

Hakimu akainamia karatasi zake. Pa kuchukulia dawa pasipo na anayemjua, hilo halikuwamo katika hukumu.

Kavira hakurudi tena kuchukua dawa. Nilimfuata nyumbani mara nne, nikabisha, nikalia mlangoni pake. Hakufungua. Kifua kikuu kikamwingia, na mwaka haukuisha.

Tulimzika kwao Vuhovi. Nilipochota udongo nitupe kaburini kama wengine, mama yake akanishika mkono.

"Weye ulishamuzika zamani. Tuachie ye sasa."

Nikaumwaga ule udongo hapo hapo miguuni pangu, mbele ya watu wote.

Wauguzi, makarani, ninyi nyote mnaoshika majina ya watu, nawasihi. Akikuomba mama, mkatalie. Akikuomba shangazi, mkatalie. Akinuna, mwache anune! Harusi na misiba itawapatanisha. Mimi na Kavira hakuna kitakachotupatanisha.