Meno ya Gari la Baba

Kaka yangu alinipigia simu nikiwa chali chini ya lori la mtu, hapa gereji kwangu Same, uso umejaa oili. Hata salamu hakutoa. Akasema injini ya gari la baba imekufa, na ameshampata mtu wa chuma chakavu. Huyo mtu angepanda kwa baba, Myamba, Jumamosi kulikata vipande.

"Nani kasema imekufa?"

"Baba mwenyewe."

Kwetu baba akishatamka jambo kuhusu injini, kesi imefungwa. Gari lile analo tangu sijazaliwa. Limeshusha tangawizi za watu wa Mamba, limebeba mawe ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, zahanati ilipojengwa, limepeleka mabibi harusi kanisani na wagonjwa hospitali. Sasa presha ya macho imemmaliza, haoni hata kiganja chake. Jirani ndiye anayeliendesha siku za soko, na baba anakaa kiti cha pembeni akimkemea: punguza, kona hiyo, kuna shimo. Ukimwondolea kile kiti umemfungia ndani. Kaka alikuwa haoni hilo, au alikuwa anaona na kujitia hamnazo. Nilikasirika mpaka spana ikanidondokea kifuani.

Na kuna jambo jingine, nitalisema tu. Mimi nimekula miaka mingi gereji, wateja wananifuata kutoka Ndungu, lakini kwa baba mimi bado ni "binti yetu anayeshikashika magari huko Same." Fundi kwake ni mwanamume mwenye kitambi. Inaniuma, siwezi kudanganya.

Ijumaa alfajiri nikapanda basi hadi Ndungu, kisha bodaboda kupanda mlima, sanduku la spana mapajani. Baba alikuwa barazani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kuzika?"

"Nimekuja kulisikiliza."

"Nimeshalisikiliza mimi. Beringi za krenki zimekwisha. Injini ikigonga tumboni namna ile, unasikiliza nini tena?"

Mzee wangu simbishii usoni. Nikamwambia sawa baba, niruhusu na mimi nilisikie tu. Akapunga mkono kama anafukuza nzi.

Gari lilikuwa pale linapokuwa siku zote: pua imeelekea bondeni, jiwe chini ya tairi. Baba hajanunua betri ya maana miaka nenda rudi. Mlima ndio betri yangu, husema, na kucheka mwenyewe. Unatoa jiwe, gari linaporomoka, unaachia klachi ghafla, injini inashtuka na kuamka. Huku kwetu wengi wenye magari ya zamani wanafanya hivyo. Mimi nilikua nikidhani ndivyo magari yanavyowashwa duniani kote.

Nikatoa jiwe, nikaliporomosha, likaamka, nikaligeuza na kulirudisha uani. Lo! Kra-kra-kra, kama mtu anayetafuna bisi ambazo hazikupasuka. Kwenye sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, ilikuwa balaa. Nikikanyaga kidogo, inapungua, wakati beringi zilizokwisha ukikanyaga ndiyo huzidi kugonga. Hapo moyo wangu ukaanza kuchangamka.

Nililizima kwanza nikavua fenibelti, ili pampu ya maji na dainamo visizunguke. Tukalisukuma na jirani likaamka tena. Kelele ile ile, kwa hiyo si hivyo viwili. Nikaanza kuchomoa waya za plagi, moja moja. Beringi ya chini ikiwa ndiyo inayogonga, ukiinyima silinda yake moto, mlio hubadilika. Haukubadilika hata chembe. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Chini, kwenye krenki, ule mhimili mkuu wa injini, kimya cha kistaarabu. Nilipoigusisha kifuniko cha mbele cha injini, nusura niitupe bisibisi kwa ukali wa mlio.

Nyuma ya kifuniko kile kuna gia mbili za taiming. Ndogo ya chuma iko kwenye krenki, na kubwa ndiyo inayozungusha kamshafti, ili valvu zifunguke kwa wakati wake. Kwenye gari la baba ile kubwa si chuma. Ni nyuzi zilizoshindiliwa na gundi, walitengeneza hivyo ili isipige kelele. Ni tulivu kweli, ila haipendi kushtuliwa.

"Umepata nini?" baba akauliza kutoka barazani.

Ningemwambia, angeitikia "haya," na kesho yake gari lingekatwa. Nikazima injini.

"Baba, njoo unishikie kitu."

Nikamwongoza kwa mkono. Nikavua kofia ya distribyuta, nikaweka kidole chake juu ya rota, kile kipande kinachozungushwa na kamshafti. Nikamwambia mimi nageuza krenki kwa spana huku mbele, yeye akisikia rota inasogea aseme. Gia zikiwa nzima, vinasogea pamoja.

"Haya, geuza," akasema.

"Nageuza."

"Mbona hugeuzi?"

"Baba, nageuza."

Spana yangu ilikuwa imeshatembea vya kutosha. "Sasa," akasema, kwa sauti ndogo. Halafu: "Rudisha." Nikarudisha, na ikawa vile vile, krenki inakwenda na rota imelala. Akanirudisha tena na tena, sikio ameliinamisha, kidole hakitoki.

"Fungua mbele," akasema.

Nikatoa rejeta, nikafungua kifuniko, na mchana ulipokuwa umekwenda nikampa gia mkononi. Akaizungusha akipitisha kidole gumba ukingoni. Meno yalikuwa yamelika yakawa membamba, na upande mmoja yalibaki visiki tu.

"Ni ule mporomoko," akasema. "Miaka yote hii nalivunja meno mwenyewe."

Nilitamani kulia, na sikujua kama ni kwa furaha au kwa kumwonea huruma. Aliishika ile gia mapajani muda mrefu.

"Inapatikana?"

"Nitaitafuta Moshi, baba. Haikosekani."

"Na betri."

"Na betri."

Akaniambia nimpigie kaka. Nikampa simu, akaiweka sikioni kwa mkono wenye oili.

"Yule mtu wako wa chuma asipande kesho," akasema. "Beringi ni nzima. Fundi amelikagua."

Sauti ya kaka nikaisikia hadi nilipokuwa: fundi gani huyo?

"Wewe nawe," baba akasema. "Kwani nyumba hii ina fundi mwingine?"