Nilivyopasua kioo cha gari la spoti la mjomba kwa supu ya makande

Wakuu wa ubao huu wa matangazo, salaam. Na ninyi mnaosoma mmesimama kwa mguu mmoja mkisikilizia kengele ya chakula, salaam pia.

Nianze kwa kukiri, maana mtu akijisema mwenyewe fimbo hupungua. Kioo cha mbele cha gari la mjomba nilikipasua mimi. Nilikimwagia supu ya makande inayochemka.

Ni kweli tupu. Anayetaka kuandika "mwongo" pembeni aandike, ila asome kwanza mpaka chini.

Mjomba huyu ni mdogo wake Mama. Ni mkubwa fulani katika ofisi fulani pale Same. Jina sitaji, cheo sitaji, kwa sababu nataka kumaliza kidato cha nne. Kazi yake, kwa jinsi nilivyoielewa mimi, ni kupanda milimani kuwaambia wakulima waache anasa.

Hupanda na gari la spoti.

Jekundu. Viti viwili. Alilipata kwa Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge aliyefunga virago mashamba yalipotaifishwa. Liko chini mno. Mbuzi akisimama kando yake, mbuzi ndiye anayeinama kuchungulia ndani.

Likizo hii alikuja kwetu Suji kuhutubia. Barabara ya Suji ni kona na mawe, na gari likagoma njiani. Mjomba akatuma mtu kijijini, pembe ya msaragambo ikapigwa.

Kwa msiotoka Upareni: pembe hiyo ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Ni kazi ya wote. Mfereji umebomoka, au njia imekatika. Basi watu wakashuka mbio na majembe begani. Wakaukuta mfereji mzima. Kilichokwama ni mjomba.

Wakasukuma. Mjomba yuko ndani ameshika usukani, katoa kichwa dirishani: "Hivi ndivyo kujitegemea, ndugu zangu!"

"Tunakuona, baba," akajibu bibi mmoja aliyekuwa anasukuma kwa mgongo. "Unajitegemea kweli kweli."

Mimi nilicheka mpaka nikaacha kusukuma. Njiani kokoto lilikuwa limeruka likakichoma kioo cha mbele, kidonda kidogo kama punje ya mtama. Hakuna aliyekijali.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa umekaa mlimani kama blanketi la bwenini: mzito, mbichi, na haukupi joto. Mjomba alikuwa na mkutano Same saa mbili. Kioo chote kimegandwa na umande. Akanipigia kelele akiwa na mswaki mdomoni: "Wewe! Safisha kioo, haraka!"

Nikafuta kwa kitambaa. Umande ukarudi. Nikafuta tena. Ukarudi. Nikajisemea, huu umande dawa yake ni maji ya moto.

Maji ya moto hayakuwapo. Mama alikuwa hajabandika ya kuoga. Kilichokuwapo jikoni ni chungu cha makande kilichochemka usiku kucha, kimejaa supu mpaka shingoni.

Wakuu, akili ya mtu wa sayansi haisubiri. Nikachota kata nzima, nikakimbia, nikamwaga.

Ta!

Mlio mmoja tu. Ufa ukaanzia kwenye kile kidonda, ukakata kioo kuanzia upande wa dereva mpaka upande wa pili, ukatoa na matawi, kama Mto Pangani kwenye ramani ya Mwalimu wa Jiografia. Umande uliondoka, hilo lazima nijisifu.

Mjomba akaja mbio.

"Shikamoo, mjomba."

Akaonyesha ufa. "Nini hiki?"

"Ni umande, mjomba."

Akainama. Akabandua kitu kwenye waipa, akakishika kwa vidole viwili mbele ya pua yangu.

"Umande wenye maharage?"



Adhabu aliitoa palepale. Baba yangu yuko Tanga kwenye mkonge, kwa hiyo mambo yote ya shule hupitia kwa mjomba. Waranti yangu ya treni, ile karatasi ya kunirudisha huku shuleni, ilikuwa kwenye mkoba wake. Akaupigapiga ule mkoba. "Shule hurudi mpaka kioo kingine kipatikane. Waranti inabaki hapa."

Shule ilibakiza siku tano kufunguliwa. Na mnajua ratiba ya asiyerudi: nafasi yake hupewa mwingine, yeye hupewa jembe. Nacheka sasa. Siku ile sikucheka.

Tukashuka Same wote wawili, nikipakata mkoba wenye waranti yangu. Mjomba haoni mbele kwa sababu ya ufa, basi mimi nimetoa kichwa nje kama mbwa, natangaza:

"Kona, mjomba! Mama na kuni, kulia! Shimo! Shimo lingine!"

Kila shimo nililitangaza, na kila shimo aliliingia.

Same joto lake mnalijua mliopita pale. Gereji iko nyuma ya soko, ya Fundi Rajabu, mtu wa Kigoma aliyekuja zamani kukata mkonge akachoka miiba. Alilizunguka gari mara mbili, akanusa kioo.

"Bwana mkubwa, mbona kinanukia chakula?"

"Shughulika na kioo."

"Kioo cha gari hili Tanzania nzima hakipo. Hata Mombasa sidhani. Uagize Ulaya, uombe kibali, usubiri. Mjukuu wangu atakufungia."

Mjomba akafikiri. Halafu akasema jambo ambalo, wakuu, nisingelisikia kwa masikio yangu nisingeliandika hapa. Kuna kijiji cha ujamaa kule chini tambarare, sikitaji. Kina lori moja, mali ya wanakijiji wote, limelala mwaka mzima kwa kukosa injini. "Kioo chake ni kizima," akasema mjomba. "Na lori halitembei. Linatazama nini?"

Akaandika kikaratasi: kioo cha lori kipelekwe kukaguliwa. Akapiga muhuri. Mkoba wake haukosi muhuri.

Tukaenda mimi na Fundi kwa mkokoteni. Mlinzi wa lori alikuwa mzee wa Kimasai aliyekaa kwenye kivuli cha lori lenyewe. Nikamwamkia, nikampa kikaratasi. Alikigeuza juu chini, akaniuliza kinasema nini.

"Kioo kinapelekwa kukaguliwa, mzee."

"Haya," akasema. "Injini nayo ilipelekwa kukaguliwa mwaka jana. Mkiikuta huko, isalimieni."

Fundi akaingia ndani ya lori, akalala chali kitini, akakisukuma kioo kwa nyayo mpaka mpira ukaachia. Mimi nilikidaka nje. Kizito! Nilikishika huku nimeangalia pembeni, maana ukikitazama unamwona mzee anakutazama.

Pale gereji nilijifunza kitu, nawapa bure. Kioo cha namna ile ni viwili vimebandikwa pamoja, katikati kuna utando. Kwa bahati kioo cha gari lile la spoti ni bapa, hakijapinda. Fundi alipima kwa kamba, akakichora kile cha lori kwa kisu cha almasi juu na chini, akaugonga mstari taratibu. Akamimina spiriti kwenye mstari, akawasha moto kidogo utando ulainike, akapitisha wembe. Kipande kikatoka safi kama mkate.

Kukifunga ndiyo sarakasi. Unakivisha kioo mpira wake. Unazungusha kamba nyembamba ndani ya mfereji wa mpira, unapaka sabuni. Mmoja anasukuma kwa nje, mwingine yuko ndani anavuta kamba polepole, na mpira unaruka ukingo wa bati kidogo kidogo. Wa ndani nilikuwa mimi.

"Taratibu!" anafoka Fundi. "Huvuti ng'ombe!"

Mara ya kwanza nilivuta kama ng'ombe, kamba ikatoka yote mkononi. Mara ya pili nilivuta kama mtu anayetaka waranti yake. Kikakaa.

Fundi akaleta daftari. Polisi huwataka mafundi waandike kila gari linalobadilishwa kioo, na mwandiko wa Fundi hausomeki hata na Fundi, hivyo kalamu nikashika mimi. "Kadi ya gari, bwana mkubwa."

Mjomba akasita. "Andika tu mteja."

"Polisi hawamjui mteja," akasema Fundi.

Akaitoa kadi chini ya kiti. Nikaifungua, nikaanza kunakili. Mwenye gari: majina ya Mama yangu. Yote matatu. Kazi yake: mkulima. Mahali: Suji.

Nikasoma tena. Mama yangu, ambaye gari lenyewe hajalikalia hata siku moja, kwa sababu kiti cha pili ni cha mkoba.

Nikamwangalia mjomba. Mjomba akaangalia milima. Hapo hata mimi wa kichwa kizito nilielewa: tangu Azimio la Arusha, kiongozi mwenye gari la namna ile angeulizwa amelipataje. Mkulima wa Suji nani atamuuliza?

Nikaandika jina la Mama kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Kadi nikaitia mfukoni. Hiyo pia nakiri.

"Waranti yangu, mjomba?"

"Hiki ni kioo cha muda," akasema. "Cha kweli kikija kutoka Ulaya, ndipo utarudi shule."



Siku ya tatu tukapanda tena Suji, yeye amalizie hotuba. Safari hii gari lilifika bila kusukumwa, watu wakasikitika. Mjomba akaenda uwanjani, mimi nikaenda jikoni kwa Mama. Nikamweleza yote, tangu maharage mpaka muhuri. Alikuwa anachambua mboga na hakuacha kuchambua.

"Lete hiyo kadi."

Lazima mjue kwamba Mama amesoma darasa la watu wazima, lile la jioni pale kanisani. Na aliyekuja kulifungua ni mjomba, akasema asiyejua kusoma ni sawa na kipofu. Mama akaishika kadi mbali na moshi. Akaweka kidole. Alianza na herufi ya kwanza ya jina lake, akaenda silabi kwa silabi, midomo inacheza, mpaka mwisho. Akarudi mwanzo akasoma tena, kwa kasi.

"Ile karatasi aliyonikamata kidole nikatia wino, kabla sijajua kusoma," akasema, "aliniambia ni ya miche ya kahawa."

Akanawa mikono, akajifunga kanga nyingine juu ya ile ya kwanza. Sisi Wapare tunasemwa kwamba mtu atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Mama hakuhitaji kuuza kitu. Alikuwa na kadi.

Mkutano ulikuwa umeisha, watu wamelizunguka gari wanashangaa kioo kipya. Mama akapita katikati yao, akafungua mlango, akakaa kwenye usukani. Mjomba akaja na tabasamu la ofisini.

"Dada, toka, utachafua kiti."

Mama akainua kadi juu, akamsomea kwa sauti. Jina. Kazi. Mahali. Yule bibi aliyesukuma kwa mgongo akasema "Rudia, mama, huku nyuma hatukusikia," na Mama akarudia.

Basi, wakuu, nilichojifunza. Kioo baridi usikipe moto ghafla. Kamba usivute kama ng'ombe. Na ukitaka kuwaficha watu mali yako kwa jina la dada yako, usije ukamfungulia dada yako darasa la kusoma.

Lori bado halina kioo. Hilo silifanyii mzaha. Kikaratasi nilikipeleka mimi, na yule mzee alikuwa ananitazama mimi. Mwenye wazo la jinsi ya kulipatia kingine bila kufukuzwa shule aandike. Penseli inaning'inia pembeni, nafasi nimeacha chini, matusi yawe mafupi.

Najua swali la kwanza litakuwa waranti niliipataje, maana ndiyo iliyonileta mpaka nikasimama mbele ya ubao huu. Mama hakutoka garini. Alinyoosha mkono dirishani, kiganja juu, mbele ya watu wote, akasema:

"Mdogo wangu, kioo ni cha gari, gari ni langu, na mtoto ni wangu. Mwenye gari amesamehe. Lete waranti. Wewe abiria una neno gani?"