Tajiri Anataka Nichinje Kibudu Ndipo Asaini Pasi Yangu

Wasomaji wa ukurasa huu, jina langu lifichwe, maana mji wa Embu ni mdogo na mimi najulikana kwa kisu changu. Nina miaka ishirini na saba, Mwislamu, kwetu Kondoa, Tanganyika. Niliajiriwa kuchinja katika bucha moja hapa mjini. Mwenyewe, huyo tajiri aliyeniajiri, si Mwislamu, na bila mkono wa Mwislamu wenzangu hawagusi nyama yake.

Tangu itangazwe hii Hali ya Hatari, mgeni haishi hapa bila pasi, na pasi haigongwi muhuri kwa Bwana Shauri, mzungu wa wilaya, bila barua ya tajiri wako. Kila miezi mitatu anasaini, napanga foleni, nashusha pumzi. Ikipita siku moja tu, askari wanakupakia kwenye lori, ukajieleze kambini pamoja na waliokula kiapo cha kupigana na serikali.

Juma lililopita aliletewa ng'ombe kutoka huko chini Mbeere, kwenye ukame. Mmoja alifika amekufa, tumbo limevimba, nzi wamejaa machoni. Nikadhani anakwenda kufukiwa. Tajiri akasema, "Kata shingo, soma ile maneno yako."

Nikamwambia, "Mzee, huyu ni kibudu."

Akacheka. "Ng'ombe ataenda kushtaki? Kwani pasi yako inaisha lini?"

Jamani, nilikata. Nilimtaja Mwenyezi Mungu juu ya mzoga. Damu haikuruka, ilijikokota nzito, nyeusi, na harufu yake bado naisikia kwenye kucha. Nilitapika nyuma ya bucha, nikanawa, nikarudi kuuza. Najichukia. Na yule bwana namchukia zaidi, anavyopangusa mikono yake kwenye aproni huku anatabasamu.

Jirani yangu, Mama Zuhura, ndiye aliyenipokea nilipofika hapa sijui mtu. Bintiye alikuwa ametoka kujifungua, basi siku ile ile akanunua kwetu nyama ya supu. Akaniita kwake, akaniwekea bakuli. "Kula, mwanangu. Nyama ya wengine siiamini, ila ya mkono wako nakula nimefumba macho." Nikamdanganya kwamba nimefunga. Nikakaa pale nikimwangalia mzazi akinywa mpaka akamaliza.

Sasa tajiri ameniambia mwingine wa namna ile ile yuko njiani. "Alhamisi asubuhi unachinja, mchana nasaini." Pasi inaisha Ijumaa. Nimekwenda kwa mwenye bucha mwingine, naye hanichukui bila barua ya kuachishwa kazi, na barua hiyo aandike nani kama si huyu huyu?

Leo Mama Zuhura ameniuliza kama nitamwekea tena ya Alhamisi, kwa sababu mzazi ameanza kupata nguvu. Nimeitika. Ulimi wangu mwenyewe umenitia kinyaa. Ndugu zangu, nishaurini: nimweleze ukweli na nimgomee tajiri, Jumamosi nibebwe na lori, au nichinje na niendelee kuitwa mwanangu?