Nilijibu "nimesikia" kwenye simu, tukakosa kumzika baba

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Mimi ni mzee sasa, na hapa sitii chumvi hata punje.

Enzi za vijiji vya Ujamaa nilikuwa karani wa duka la kijiji, nje kidogo ya mji wa Tabora. Baba alipanda lori kwenda Igunga kumwona kaka yangu, Hamisi. Kikohozi kidogo tu, hakuna aliyejali. Tukawa tunangoja kusikia kama kafika.

Siku ya tatu nikaletewa ujumbe: nifike posta, Hamisi atapiga simu.

Mwenyekiti akasikia naenda mjini, akanitwisha na yake. Majembe kumi, chumvi, mafuta ya taa, dawa ya ng'ombe, mbegu za karanga. Karatasi sina. Njia nzima nikawa narudia kichwani nisisahau.

Simu ikalia. Mvua inapiga bati, laini inakwaruza.

"Baba ame... kesho adhuhuri..."

Majembe, chumvi, mafuta...

"Umesikia?"

"Nimesikia!"

"Umesikia vizuri?"

"Nimesikia, kaka!"

Laini ikakatika.

Wakuu, naapa, kichwani mwangu nilisikia kabisa: "Baba amefika, anatoka kesho adhuhuri." Sikujua kama nimejaza mwenyewe.

Mama alifurahi sana. Keshokutwa yake akachinja jogoo, akapika wali, akamtandikia baba mkeka.

Lori la Igunga likasimama. Akashuka jirani yake Hamisi, peke yake. Akatazama sufuria, akamtazama mama.

"Mama, mbona hamkuja? Tuliwasubiri hadi adhuhuri, ndipo tukazika."

Mwiko ukamtoka mama mkononi. Mimi nikakaa chini kwenye tope.

Baada ya arobaini ndipo mama akaniuliza, bila hasira: "Mwanangu, masikio siyalaumu. Ila kwa nini ulisema umesikia?"

Swali hilo ninatembea nalo hadi leo.

Binti yangu ni nesi, juzi kanieleza: kwenye kelele akili inatumia nguvu nyingi kushika maneno na kuyaunganisha. Ukiwa umeshaijaza mambo mengine, inaokota vipande, inaziba mapengo kwa kile unachokitarajia. Mimi nilitarajia "amefika".

Kwa hiyo wadogo zangu, ukipewa habari nzito kwenye kelele, weka mengine yote chini, kisha mrudishie msemaji maneno yake. Akisema "siyo", shukuru Mungu.

Kuna aliyewahi kupatwa na jambo kama hili? Semeni, nasoma kila mchango.