Zamu ya Masikio

Baba yangu alikuwa akivaa koti ili asikilize redio. Si kila redio. Muziki na mpira alivisikiliza akiwa na fulana na ndala. Lakini siku ya kikao cha bunge alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kijivu na viatu vya kamba, kisha akaketi kwenye kiti cha mbao sebuleni kwetu, hapa Kagugu, mtaa wa Kigali, mikono ikiwa juu ya magoti. Kikao kilipofunguliwa alisimama. Tukimcheka, alituambia kwamba waheshimiwa nao wamesimama huko waliko, na yeye haoni sababu ya kukaa wakati wenzake wako wima.

Mimi ninafanya kazi hukohuko bungeni, ukarani wa kamati. Wabunge wachache wanakutana chumbani, wanabishana, mimi ninaandika walichokubaliana, na ripoti yao inakwenda kusomwa mbele ya bunge zima. Ni kazi ya kukaa pembeni na kunyamaza, na kwa mtu mwenye mdomo kama wangu ni adhabu. Baba aliiona kubwa kuliko ilivyo. Aliniita Mheshimiwa Karani, na jioni sikuwahi kuvua viatu kabla hajanikamata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Haya niambie, yule Bwana Kwa Kifupi leo amemaliza saa ngapi?"

Bwana Kwa Kifupi alikuwa mbunge ambaye kila hotuba aliianza kwa "kwa kifupi," kisha akazungumza hadi chai ya watu ikapoa. Kulikuwa pia na Mama Takwimu, na mwingine aliyeitwa Naafiki Lakini. Sura zao baba hakuzijua. Alizijua sauti, na kwake sauti zilitosha.

Mapenzi haya yalikuwa na sababu yake. Baba aliondoka Rwanda akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akakulia Tanzania, akaoa huko, akatuzaa huko. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mpaka nywele zikaanza kuwa nyeupe. Walitupokea vizuri, siwezi kusema vingine, na hadi leo Kiswahili cha nyumbani kwetu ni cha kule. Lakini barabara ya mtaani ikiharibika, majirani walikwenda kumlalamikia diwani, na baba alibaki nyumbani akisema hayo ni mambo ya wenyewe. Hakupiga kura hata mara moja, wala hakuwahi kuahidiwa kitu na mtu aliyesimama jukwaani. Tuliporudi Kigali aligundua kwamba sasa yeye ndiye mwenyewe, na starehe hiyo haikumwisha hamu.

Zile mashine za pamba ndizo zilizokula masikio yake. Zilikula taratibu, na mwanzoni tulidhani ni ubishi tu wa uzee. Sauti ya redio ikapanda, ikapanda, hadi jirani yetu, mama mmoja aliyekulia Bujumbura anayeuza vitambaa, akaniambia yeye hahitaji tena kununua betri, bunge linamfikia kwa ukuta. Tukampeleka baba kwa mtaalamu wa masikio Kicukiro. Tukaambiwa anahitaji mashine za masikio, vile vidude vidogo vya kuvaa, na kwamba bima yake, ile ya wananchi tunayoiita mituweli, haivilipii. Asichelewe, alisema yule mtaalamu.

Karibu na wakati huo bungeni kulikuwa na mjadala wa fedha za afya. Mkubwa mmoja wa serikali alikuja kujibu maswali, na Mama Takwimu akamuuliza lini wazee watapata miwani, magongo na mashine za masikio kupitia bima. Yule mkubwa akajibu kwa sauti nzuri sana kwamba jambo hilo litaingia kwenye bajeti inayokuja. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma na kalamu yangu, na sitasema uongo, nilipiga pia.

Niliporudi nyumbani nilimkuta baba bado yuko ndani ya koti.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nilikuwepo, baba."

"Ametaja masikio! Bungeni! Masikio yangu haya!" Akayashika yote mawili akacheka, na mimi nikacheka naye.

Bajeti inayokuja ilipofika, suala hilo lilirudi kwenye kamati yangu. Naomba mtu asifikirie kwamba kulikuwa na mwovu mle chumbani. Kulikuwa na meza, chupa za maji, na watu waliochoka wenye fedha ndogo kuliko ahadi. Mbunge mmoja alisema katika eneo lake watoto wachanga wanalazwa wawiliwawili kwenye kifaa kimoja cha kuwapa joto. Akasema masikio hayaui mtu. Alisema kwa upole, bila dharau, na nilijaribu kumchukia nikashindwa. Mwishowe wakaibakiza ahadi, ila wakaiongezea maneno: kadiri uwezo utakavyoruhusu. Niliyaandika mimi. Aliyekaa kwenye kazi hii kama mimi anajua maneno hayo yana uzito gani. Ni kama kumwambia mgeni karibu tena siku nyingine, huku umeshika kitasa cha mlango.

Jioni nilimweleza baba yote, nikipaza sauti, neno kwa neno. Nilitegemea akasirike. Nilitaka akasirike, kwa kuwa akikasirika angekubali nilichokuwa nimekipanga na ndugu zangu.

"Amesema kweli," baba akasema. "Watoto kwanza. Zamu yetu itafika."

Tulichokuwa tumekipanga ni kununua. Tuko watano, kila mmoja na kazi yake, na tulipochanga ilitosha. Tulimwita mama jirani aje Jumapili kula nasi, tukijua kwamba mdomo wake unaweza kufika ambako yetu haifiki. Baada ya chakula nikamweleza baba kwamba kesho tunakwenda Kicukiro, kila kitu kiko tayari. Akatikisa kichwa. Hapana.

"Muzehe," mama jirani akasema, kwa sauti iliyofanya vikombe vilie, "mashine iko pale Kicukiro, batoto bako iko tayari, na weye unangojaka nini? Unangoja masikio iote ingine?"

Baba alicheka, kwa sababu alimpenda. Halafu akaweka kijiko chini.

"Sikilizeni," akasema. "Kule nilikotoka nilinunua kila kitu, na sikulalamika, sikuwa na wa kumlalamikia. Hapa ni kwetu. Kwetu wamesimama mbele za watu wakaniahidi. Nikikimbilia dukani kujinunulia, nitakuwa nimewaambia kwamba siwaamini. Hizo hela zenu mkasomeshee watoto."

"Baba, ahadi ile imeshapunguzwa," nikasema. "Mimi ndiye niliyeandika."

"Umeandika kadiri uwezo utakavyoruhusu. Sasa uwe na subira uwezo uruhusu, Mheshimiwa Karani."

Wote wakacheka, na mambo yakaishia hapo. Kaka yangu mkubwa aliniambia nje kwamba tumuache, ni haki yake, mzee halazimishwi. Tukamuacha kwa heshima zote. Heshima hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo. Mtoto wake angekuwa mgonjwa wa malaria akakataa dawa, baba angembana pua akammiminia. Sisi tulimpa baba adabu badala ya kumpa ugomvi, na nilikuwa na ugomvi wa kutosha kifuani mwangu, ningeweza kumpa wote.

Bajeti ikapita, ikaja nyingine. Kila mara wabunge waliuliza, wakajibiwa vizuri, wakashukuru. Jambo likaahirishwa, likarudi, likapelekwa kwenye kamati nyingine, likarudi kwetu. Baba alifuatilia safari yote, na mwanzoni aliifurahia kama watu wanavyofurahia ligi ambayo timu yao bado ina mechi mkononi. Kisha maswali yake ya jioni yakapungua. Akaacha kuuliza ya Bwana Kwa Kifupi. Wajukuu walimsalimia, akajibu kitu kingine, wakatazamana, na polepole wakazoea kumpungia mkono tu. Mezani alicheka tulipocheka, akichelewa kidogo, akituangalia usoni kujua kama amecheka mahali pake. Mtu aliyekuwa na jina la utani kwa kila sauti akawa mtu wa "eeh" na "vizuri."

Mchana mmoja nilirudi mapema kuchukua funguo. Kabla sijafungua mlango nilisikia mlio kama wa mafuta yanayokaangwa. Baba alikuwa sebuleni, koti limefungwa vifungo, mikono juu ya magoti. Redio ilikuwa inakoroma tu. Nadhani wakati wa kufuta vumbi mtu alisogeza kile kitufe, na stesheni ikapotea. Sijui alikuwa amekaa hivyo tangu saa ngapi, ameinamisha kichwa kidogo, akisikiliza kwa makini kabisa. Nikairudisha stesheni. Alinitazama akatabasamu, akanionyesha kwa kidole kwamba kikao bado kinaendelea. Nilikwenda kusimama bafuni, nikafungua maji, nikalia.

Baada ya hapo nilimsihi tena, mara hii kwa kumwandikia kwenye karatasi, maana kupiga kelele kulishachosha koo langu na moyo wake. Alisoma, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti. "Tumeshasubiri sana," akasema. "Kuondoka kwenye foleni sasa ni upumbavu." Watu wangapi nimewaona wakibaki kwenye foleni kwa sababu hiyohiyo, na mimi nikiwa mmoja wao.

Kisha siku moja hoja ya masikio ikapita. Hakukuwa na vita wala shamrashamra. Fedha zilipatikana, kifungu kikasomwa, waliosema ndiyo wakasema ndiyo, na mashine za masikio za wazee zikaingia kwenye bima. Yule mbunge wa watoto wachanga alikuwa wa kwanza kuunga mkono. Niliomba ruhusa, nikatoka nje, nikasimama kwenye jua nikijaribu kufurahi. Nyumbani nilimwandikia baba kwa herufi kubwa: WAMEPITISHA. Aliisoma, akasimama wima, akanipigia saluti kama askari.

"Nilikuambia nini?" akasema.

Siku ya kwenda Kicukiro alivaa koti. Aliitoa kadi yake ya bima mwenyewe, akaiweka mezani kwa vidole viwili, na nikaona kwamba hii ndiyo dakika aliyokuwa akiisubiri, kuliko hata zile mashine. Dada aliyezifunga alikuwa na mikono mizuri na uvumilivu. Alimwekea, akarekebisha, akampigia kengele ndogo. Baba akashtuka, akacheka kwa sauti. Alisikia kiti kikisogezwa. Akasikia mvua iliyokuwa ikianza juu ya mabati, akainua uso kuitazama dari kwa muda mrefu. Nikamshika mkono, nikasema, "Baba, unanisikia?"

Akanitazama midomo. "Sauti ipo," akasema. "Sauti ipo, ila maneno hayajakaa sawa."

Yule dada alinivuta pembeni. "Masikio ya muzehe imekaa sana bila kusikia maneno," akaniambia. "Kelele ataisikia, ndiyo. Lakini kichwa imesahau kutenganisha. Mutafanya mazoezi, labda kidogo itarudi. Ingekuwa mapema, mama, ingekuwa ingine." Neno mapema alilisema bila kunilaumu. Hakujua tulikuwa na nini mkononi ile Jumapili.

"Anasema nini?" baba akauliza kwa sauti kubwa.

"Anasema ufanye mazoezi!"

Tunafanya. Ninamsomea gazeti, anarudia anachokisikia, na tunachokipata kwa siku nzima kinatosha kwenye kiganja. Kijiko kikigonga kikombe anageuka, anamtambua mbwa wa jirani kwa sauti, na adhana kutoka upande wa pili wa bonde inamfikia ingawa yeye ni Mkatoliki wa kila Jumapili. Sauti yangu inamfikia pia. Anajua ni mimi, hajui nimesema nini. Ninajuta, na siwezi kusema ninajuta ahadi, kwa sababu ahadi ilitimizwa. Ninajuta ule muda wa katikati, ambao hakuna kifungu kinachoutaja.

Juzi nilikuwa likizo, na kulikuwa na kikao. Baba alinyoa, akavaa koti, akaweka mashine zake masikioni, akasimama waliposimama. Nikaketi karibu naye. Bwana Kwa Kifupi alikuwa akisema juu ya hospitali moja iliyoahidiwa watu wake, na hoja yake ilikuwa imeahirishwa hadi kikao kijacho. Baba alitulia, uso umefungwa, sauti zikipita juu yake. Mara ukumbi ukapiga makofi. Makofi hayana haja ya kutenganishwa, yalimfikia yote. Uso wake ukafunguka wote, nikamwona yule baba wa zamani.

"Wamepitisha?" akaniuliza.

Hawakupitisha kitu. Kulikuwa na wanafunzi waliokuja kutembelea bunge, na Spika alikuwa amewatambulisha.

Nikamwinamia, nikasema polepole, "Wanakaribisha wageni, baba."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akainua mikono kutoka magotini, akapiga makofi pamoja nao.