Siku Tezi Zangu Zilipoongezeka

Habari ya kwamba nina saratani ya tezi dume nilikuwa nimeanza kuizoea. Nilishajifunza kuitamka mbele ya watu bila kushusha sauti, hata kwenye jumuiya ya kanisa, ambako akina mama walinionea huruma na wanaume wenzangu wakaanza kutazama viatu vyao. Kilichonivuruga ni majibu ya picha.

Picha yenyewe nilipigwa Mbeya, nikiwa nimelazwa ndani ya mashine yenye tundu kama tairi la trekta. Majibu nikayafuata kwa daktari wangu hapa Sumbawanga, binti wa umri wa kitinda mimba wangu.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu.”

Akayasoma, kisha akaniambia nipande kitandani, nilegeze mkanda. Akanipapasa kinenani upande wa kulia, nikaruka.

“Panauma?”

“Panauma.”

“Kuna tezi imevimba hapa. Na picha inaonyesha nyingine ndani ya nyonga, nazo zimevimba.”

Kabla hajaeleza zaidi, muuguzi akachungulia kumwita wodini kwa dharura. Daktari akaniambia nirudi Jumatatu, nije na mama, atufafanulie vizuri. Nikasema “Sawa daktari” kwa sauti ya mtu aliyeelewa. Sikuwa nimeelewa kitu.

Tunakaa nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Matai. Nilimkuta mke wangu anapeta ulezi.

“Wamesemaje?”

“Wamekuta tezi nyingine.”

Ungo ukasimama hewani. “Nyingine? Kwani mwanaume ana tezi dume ngapi?”

“Nilijua moja.”

“Sasa hizo nyingine zimetoka wapi?”

“Sijui. Moja iko huku kinenani, nyingine ziko ndani.”

Akafikiri. Mke wangu ni mtu wa kufikiri mpaka mwisho wa jambo, hata jambo likiwa halina mwisho.

“Baba, kama ile ya kwanza ni dume,” akasema taratibu, “basi hizi zitakuwa jike. Na kama ziko ndogondogo, zimeshazaa.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Usiku ule alisali rozari nzima kwa ajili yangu, na nilimsikia kwa masikio yangu akiziombea tezi zisiongezeke.

Asubuhi habari zilikwisha kufika kwa jirani yetu, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka Usukumani, miaka mingi sasa. Ni rafiki yangu sana. Akija kwangu huwa anabisha hodi na kusubiri. Siku hiyo hakubisha. Aliingia moja kwa moja, akanishika kichwa kwa mikono miwili na kuanza kunipapasa chini ya masikio.

“Nasikia umevimba tezi.”

“Si huko.”

Hakusikia. Alikuwa ameshamgeukia mke wangu, kama mtu anayemhoji mwenye ng'ombe.

“Anatoa machozi?”

“Hapana.”

“Anakohoa?”

“Hakohoi.”

“Anakula?”

“Jana amekula ugali wa ulezi na samaki wawili wa migebuka, akaomba wa tatu.”

Jirani akashusha pumzi, akaniachia kichwa. “Basi si ndigana.”

Nikamwambia nashukuru. Lakini akaeleza kwamba hata kama si ndigana, ule ugonjwa wa kupe unaoua ng'ombe, tezi ni tezi, na ng'ombe wake wakivimba tezi yeye huwahi kuzichoma kwa chuma cha moto kabla ugonjwa haujashuka mapafuni. Chuma alikuwa nacho. Alikuwa amekiegemeza mlangoni wakati wa kuingia. Mke wangu, Mungu amsamehe, akatupa jicho jikoni kuona kama moto bado upo.

“Iko wapi hiyo tezi?” jirani akauliza.

Nikamwonyesha kwa kidole, juu ya suruali. Akapatazama, akakuna kidevu.

“Ah. Hapo hapana. Hapo pana majirani.”

Akakaa, akanywa chai. Kabla ya kuondoka alinishika mkono, akaushikilia muda mrefu, macho yake mekundu, na hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Mpaka dakika ile nilikuwa nacheka. Nilijua kwa ng'ombe tezi zikivimba mambo huwa mabaya, na kwa yule jirani sikuwa nimewahi kuona macho mekundu.

Jumatatu tulifika hospitali mapema, mke wangu akiwa amevaa gauni la kanisani. Tulipoketi tu, akauliza swali alilolibeba tangu Ijumaa.

“Daktari, hizi tezi mpya ni dume au jike?”

Binti wa watu aliuma midomo. Akainama kutafuta kalamu chini ya meza, akakaa huko muda mrefu kuliko kalamu ilivyohitaji. Alipoinuka alikuwa ametulia.

“Mama, hizi ni aina nyingine kabisa. Zinaitwa tezi za limfu. Kila mtu anazo, hata wewe, shingoni, kwapani, kinenani, na ndani ya mwili. Baba, ulipokuwa mtoto, ukiumia mguu, huku kinenani kulikuwa kunatokea nini?”

“Mtoki.”

“Basi mtoki ndiyo tezi ya limfu iliyovimba.”

Nilimtazama mke wangu, naye akanitazama. Mitoki nimeiota utoto mzima, nikichunga mbuzi pekupeku.

Daktari akaendelea. Tezi hizi, alisema, ni kama geti la mazao barabarani. Kila kinachopita kinasimamishwa na kukaguliwa. Ukiona foleni ndefu getini, unajua kuna kitu kinapita, lakini hujui ni mahindi au ni magendo mpaka turubai lifunuliwe. Tezi huvimba kwa sababu ya kidonda, na huvimba pia kwa sababu ya saratani iliyosafiri.

“Wakati mwingine tunachukua kipande kidogo cha nyama kwa sindano. Wakati mwingine tunatibu kidonda kwanza, tunaona kama foleni itapungua. Una kidonda mguuni, baba?”

“Sina.”

“Vua viatu,” akasema mke wangu.

Nikavua. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa. Wakati wa kuvuna nilikanyaga kisiki cha muhindi, nikakifunga, nikakisahau. Mtu ana saratani, kidole atakikumbuka saa ngapi? Daktari alipofungua kile kitambaa, harufu ilijibu maswali yote.

Kwa hiyo ya kinenani ilikuwa ya kidole. Nilisafishwa, nikapewa dawa, na baada ya muda ikanywea yenyewe.

Za ndani hazikuwa mtoki. Hilo daktari alitwambia siku hiyohiyo, bila kuzunguka. Mahali zilipokaa, ukubwa wake, na majibu ya vipimo vya damu yangu, vyote vilionyesha kwamba saratani imefika pale. Mke wangu akauliza kama maana yake ni kufa. Daktari akasema maana yake ni matibabu makubwa zaidi, tena tuyaanze sasa. Tukatoka nje, tukakaa kwenye benchi. Mke wangu akalia kidogo, akafuta machozi kwa mtandio, akasema, “Twende tukanunue viatu visivyopitisha visiki.” Tukaenda.

Naendelea na sindano za kupunguza homoni za kiume. Picha ya mwisho imeonyesha tezi za ndani zimesinyaa sana, ingawa hazijaisha, na daktari ameridhika nazo. Kinachonisumbua ni joto linaloletwa na sindano hizo. Linanipanda ghafla kutoka kifuani mpaka utosini, katikati ya baridi ya Julai, upepo wa Ufipa unapopuliza mpaka kuku wanagoma kutoka bandani. Juzi nilikutwa uani nimevua sweta, jasho linanitiririka. Mke wangu, aliyepita njia hiyohiyo alipokoma hedhi miaka kadhaa iliyopita wakati mimi nikimwambia anajidekeza, alisimama mlangoni amejifunika blanketi, akanitazama kwa raha isiyofichika.

“Pole, mwanamke mwenzangu,” akasema, akanirushia ungo nijipepee.